Kutoka Thumuni hadi Asilimia: Historia Fupi ya Sehemu na Mia katika Hesabu za Shule Tanzania

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania anapofundishwa kwamba asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni 100, hupewa fasili ambayo tayari imo ndani ya neno lenyewe. Katika Hisabati ya Kiswahili namba iliyo juu ya mstari wa sehemu huitwa kiasi, na iliyo chini huitwa asili. Asilimia, kwa jinsi sikio la mzungumzaji wa leo linavyolipokea neno hilo, ni asili na mia zilizounganishwa. Mwenzake anayejifunza mada hiyohiyo kwa Kiingereza hana bahati hiyo, maana neno analopewa lina mzizi wa Kilatini, nalo halimwambii lolote kuhusu namba iliyo chini ya mstari.

Pamoja na wepesi huo wa istilahi, asilimia imebaki kuwa mojawapo ya mada zinazowasumbua wanafunzi, na inawasumbua zaidi watu wazima waliokwisha kutoka shuleni. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba wanafunzi hawajui kuzidisha na kugawanya, au kwamba hawakariri kanuni. Makala haya yana mtazamo tofauti. Kugawanya kwa mia si kazi ngumu. Ugumu uko katika maana ya pili ya neno asili, yaani mwanzo au chimbuko la kitu. Kila asilimia ni asilimia ya kitu fulani, na kitu hicho ndicho kinachosahaulika. Ili kuona kwa nini kinasahaulika, ni lazima kurudi nyuma hadi wakati ambapo watu wa pwani walihesabu sehemu bila kuitaja mia kabisa, kisha kufuatilia namna mia ilivyoingia mikononi mwao kupitia forodha na sarafu kabla ya kufika ubaoni.

Hesabu ya kukata nusu

Majina ya sehemu katika Kiswahili yametoka Kiarabu kwa wingi: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, ushuri. Hayakuingia kwa njia ya shule za kikoloni. Yaliingia kwa biashara na kwa dini, na kila njia ilileta mantiki yake.

Mantiki ya soko ilikuwa ya kukata nusu. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Rupia ya Kihindi, iliyotumika sana pwani katika karne ya 19, ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa nne. Rupia nzima basi ilikuwa na pesa 64. Ukikata rupia nusu unapata anna 8, ukikata tena unapata 4, kisha 2, kisha 1, kisha pesa 2, kisha pesa moja. Mara sita unagawa kwa mbili na hubaki na mabaki hata mara moja. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuifanya hesabu hiyo kichwani, au kwa kugawa chungu ya kunde mbele yake. Hata saa ya Kiswahili imeshika mtindo huo: tunasema saa mbili na robo, au saa mbili kasorobo, na hakuna anayefikiria kwamba robo hiyo ni asilimia 25 ya kitu chochote.

Mantiki ya dini ilikuwa nyingine, na ilikuwa ngumu zaidi. Elimu ya faradhi, yaani mgawanyo wa mirathi, inatumia sehemu sita zilizotajwa katika Kurani: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mke aliyefiwa na mumewe hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa aliacha. Mama wa marehemu mwenye watoto hupata sudusi. Anayegawa mirathi hana budi kutafuta asili moja inayozibeba sehemu zote, mathalani 24 pale ambapo kuna thumuni na sudusi kwa pamoja. Hii ndiyo kazi ambayo mwalimu wa Hisabati wa leo huiita kutafuta kigawe kidogo cha shirika, nayo ilifanywa pwani muda mrefu kabla ya kuwapo kwa kitabu cha Hisabati cha Kiswahili.

Kuna tatizo moja la faradhi linalostahili kusimuliwa kwa ukamilifu, kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo asilimia hulificha. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana haki ya nusu. Dada wawili wana haki ya thuluthi mbili. Jumla yake, kwa asili ya 6, ni 3 na 4, yaani 7 juu ya 6. Mali haitoshi. Wanazuoni walilitatua kwa njia iitwayo aul: asili inapandishwa kutoka 6 hadi 7, mume anachukua mafungu matatu katika saba, na dada wanachukua manne katika saba. Kila mmoja amepungukiwa kwa uwiano uleule, na uwiano wa 3 kwa 4 umebaki palepale. Tukiandika tatizo hilo kwa asilimia, mume alistahili 50, dada 66.67, na jumla ni 116.67. Baada ya aul, mume anapata 42.86 na dada 57.14. Namba ni sahihi, lakini mantiki imepotea. Mwanafunzi anayeziona namba hizo haoni kwamba kilichobadilika ni asili. Aliyefundishwa kwa mafungu anaona mara moja, kwa sababu amri yenyewe inasema: pandisha asili.

Zaka nayo ina hesabu yake. Zaka ya fedha ni robo ya ushuri, yaani sehemu moja katika arobaini. Zaka ya mazao yanayostawi kwa mvua ni ushuri, na ya mazao yaliyomwagiliwa kwa gharama ni nusu ya ushuri. Leo tunaandika asilimia 2.5, asilimia 10 na asilimia 5. Ni viwango vilevile, lakini vya kale vilitajwa kama hatua: chukua kumi la mali, kisha ligawe mara nne. Maelezo ya namna ya kufanya yalikuwa yamo ndani ya jina.

Forodhani

Mia iliingia pwani ikiwa imevaa nguo za mfanyabiashara. Desturi ya kutaja faida, riba na kodi kwa kila mia ni kongwe sana ulimwenguni. Kaizari Augusto wa Rumi alitoza moja katika mia ya bidhaa zilizouzwa kwa mnada. Wanahisabati wa Bara Hindi, akiwamo Bhaskara wa karne ya 12, walitunga maswali ya riba kwa kila mia kwa mwezi. Wafanyabiashara wa Italia waliandika maneno yenye maana ya “kwa mia” mara nyingi kiasi kwamba mkono wa mwandishi ukayafupisha, na katika miswada ya karne ya 15 tunaona kifupisho ambacho kilibadilika taratibu hadi kuwa alama ya % tuijuayo.

Katika Zanzibar mia ilipata nguvu ya mkataba mwaka 1833, pale Sayyid Said alipotia saini makubaliano ya biashara na Marekani. Ushuru wa bidhaa zilizoshushwa ulipangwa kuwa tano katika mia. Mkataba na Uingereza wa mwaka 1839 ulifuata kiwango hichohicho. Hapa pana kejeli ya lugha ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Neno ushuru asili yake ni sehemu ya kumi. Kodi ya forodha ya Zanzibar iliitwa fungu la kumi ilhali ilikuwa fungu la ishirini. Jina la sehemu lilikuwa limekwisha kuachana na sehemu yenyewe na kuwa jina la kodi tu, kwa hiyo ilibidi kiwango kitajwe kwa njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa mia.

Ni nani aliyeihesabu mia hiyo? Forodha ya Zanzibar ilikodishwa, na kwa miaka mingi mkodishaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka na kubaki na kilichozidi. Kwake yeye na makarani wake tano katika mia ilikuwa hesabu ya kila siku, na ilikuwa hesabu yenye karaha, kwa sababu haikuafikiana na sarafu. Tano katika mia ya rupia moja ni pesa 3 na humusi moja ya pesa. Hakuna sarafu ya namna hiyo. Mwenye kutaka wepesi angetaja kiwango kwa anna katika rupia, kama ilivyokuwa desturi ya masoko ya Bara Hindi: anna moja katika rupia, yaani 1 juu ya 16, ambayo kwa lugha ya mia ni 6.25. Mia na kumi na sita ni jamaa wasioelewana. Karani wa forodha aliwapatanisha kwa daftari, lakini mchukuzi, mvuvi na mkulima hawakuwa na daftari. Mimi naamini kwamba hapa ndipo ilipoanza tabia ya kuiona asilimia kuwa hesabu ya wakubwa, inayotoka kwao na kurudi kwao.

Hela na senti

Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye sarafu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa rupia yake mwaka 1890, ilidumisha mgawanyo wa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliamua kuigawa rupia kuwa Heller 100. Jina la sarafu hiyo ndogo lilitamkwa hela, na limeishi kuliko dola iliyoileta: leo mtu asiye na hela ni mtu asiye na fedha, ingawa hela halisi ilikuwa sehemu moja tu katika mia ya rupia. Waingereza nao, katika himaya yao ya kaskazini, waliziacha anna na kuigawa rupia kuwa senti 100 katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921 ilirithi senti hizo, na Zanzibar iliingia katika mfumo huo mwaka 1936 kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia.

Athari yake kwa hesabu ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tano katika mia ya shilingi ikawa senti tano, sarafu yenye tundu katikati ambayo kila mtoto aliijua. Kwa mara ya kwanza mia ilikaa mfukoni mwa mtu wa kawaida. Asilimia ingeweza kufundishwa bila kitabu: toa senti kadhaa katika kila shilingi.

Lakini lugha haikusalimu amri mara moja. Sarafu ya senti hamsini, ambayo ni nusu ya shilingi kwa hesabu yoyote ile, iliitwa thumuni. Mgeni angeshangaa kuona nusu ikiitwa sehemu ya nane. Sababu ni kwamba watu walikuwa bado wanahesabu kwa kurejelea riale ya zamani, iliyolinganishwa na shilingi nne. Nane ya shilingi nne ni senti hamsini. Sarafu ilikuwa mpya, asili ilikuwa ya kale. Kosa analolifanya mwanafunzi katika mtihani ni la jamii hiihii, isipokuwa kwamba watumiaji wa thumuni hawakukosea: wote walijua asili iliyokusudiwa ni riale, ijapokuwa riale yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka sokoni. Mwanafunzi hana makubaliano hayo.

Ubaoni

Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Kiswahili kilishika nafasi ya lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Hisabati ilihitaji istilahi, na ilizipata. Kiasi, asili, kigawe, kipeo, uwiano na asilimia ni maneno ambayo watoto wa nchi nzima, kutoka Kigoma hadi Mtwara, waliyajua kwa namna moja. Hayo ni mafanikio ambayo hayapaswi kubezwa.

Hata hivyo, usanifishaji ulikuwa na gharama yake. Sehemu zikawa 1/2, 1/3, 1/4, 1/5, zikisomwa kwa namba: moja ya tatu, moja ya tano. Nusu na robo zilinusurika kwa sababu ya saa na mizani. Thuluthi ilibaki hasa katika sheria na siasa, kwenye theluthi mbili za kura za wabunge. Humusi, sudusi na subui zilirudi chuoni kwa masheikh. Mada ya asilimia iliandikwa kama kanuni inayojitegemea: zidisha kwa 100, weka alama. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba robo ya babu yake na asilimia 25 ya mwalimu wake ni kitu kimoja kilichobadilisha vazi.

Alama yenyewe ina mtego mdogo. Tunaandika 18% lakini tunasoma asilimia kumi na nane. Kinachoonekana mwisho hutamkwa kwanza. Mtego mkubwa zaidi uko katika viunganishi. Bei iliyopungua kwa asilimia 20 si bei iliyopungua hadi asilimia 20. Neno moja fupi limebeba tofauti kati ya kubaki na shilingi 80 na kubaki na shilingi 20 katika kila mia, na maswali ya mafumbo mara nyingi huwaangusha wanafunzi katika neno hilo kabla hawajafika kwenye hesabu.

Umakini huohuo ulihitajika nje ya darasa. Katika miaka ya elimu ya watu wazima, serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 27 mwaka 1977. Je, ujinga ulipungua kwa asilimia ngapi? Anayetoa 27 katika 39 atasema 12, na amekosea au amepatia kutegemea asili aliyoikusudia. Ikiwa asili ni watu wazima wote, tofauti ni alama 12 katika mia. Ikiwa asili ni wale wasiojua kusoma wa mwaka 1975, upungufu ni 12 juu ya 39, karibu asilimia 31. Jibu la pili linaipa kampeni ile sifa kubwa zaidi, na la kwanza linaonekana dogo. Yote mawili ni ya kweli. Kinachokosekana katika sentensi nyingi za aina hii, za wakati ule na za sasa, ni maneno mawili tu ya kusema asilimia 12 ya nani.

Asili ipi?

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Tanzania Bara mwaka 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, nayo ikashushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009. Chukua bidhaa inayouzwa shilingi 118,000 kodi ikiwa ndani yake. Mwenye duka anayetaka kujua kodi iliyomo huelekea kutafuta asilimia 18 ya 118,000 na kupata 21,240. Kodi halisi ni 18,000, kwa sababu asili ni 100,000, bei ya kabla ya kodi. Tofauti ya shilingi 3,240 inatoka wapi? Inatoka katika kukosea asili, si katika kukosea kuzidisha. Hapa mtu wa faradhi angekuwa na msaada. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 20, bei ilikuwa mafungu matano na kodi ilikuwa fungu la sita lililoongezwa juu yake. Basi kodi iliyomo katika bei kamili ni sudusi. Anayesema humusi anapoongeza na sudusi anapoondoa hawezi kuchanganya asili mbili, kwa kuwa majina yenyewe ni tofauti. Asilimia huita zote mbili 20. Kwa kiwango cha sasa kodi iliyomo ni 9 juu ya 59 ya bei, sehemu isiyo na jina katika lugha yoyote niijuayo, na hapo lazima karatasi na kalamu vitumike.

Ndivyo ilivyo pia kwa kupanda na kushuka kwa bei. Mfuko wa mbolea ukipanda kwa asilimia 25 kisha ukashuka kwa asilimia 20, umerudi palepale. Darasani jambo hili huonekana kama mazingaombwe. Kwa lugha ya mafungu ni jambo la kawaida: vitu vinne vimeongezwa robo yake vikawa vitano, na kimoja katika vitano ni humusi.

Mahali ambapo asili iliyofichwa huumiza zaidi ni katika mikopo midogo. Mama muuza vitenge anakopa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, na anaambiwa riba ni asilimia 20. Riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, yaani 240,000, na jumla ya 1,440,000 inalipwa kwa marejesho ya shilingi 120,000 kila mwezi. Hesabu ya mkopeshaji haina kosa la kuzidisha. Lakini mkopaji anarudisha shilingi 100,000 za mtaji kila mwezi, kwa hiyo hakai na 1,200,000 mwaka mzima. Mwezi wa kwanza anazo 1,200,000, wa pili 1,100,000, na mwezi wa mwisho 100,000 tu. Wastani wa fedha alizokaa nazo ni 650,000. Ukiweka 240,000 juu ya asili hiyo, riba yake kwa mwaka ni karibu asilimia 37.

Alifundishwa asilimia shuleni, kwa Kiswahili, na pengine alipata alama nzuri. Swali aliloulizwa kwenye mtihani lilimpa asili mkononi: tafuta asilimia 20 ya 1,200,000. Swali la kutafuta asili yenyewe hakuulizwa, na kidato cha kwanza, kama alifika, alilikuta neno limebadilika kuwa la Kiingereza, lisilo na asili wala mia ndani yake.